Dada Yangu Pasi na Densi ya Tumbo

Dada yangu alikuwa mnene. Sitafuti neno la adabu, maana hata yeye hakulitafuta. Ukimwambia, "Dada, umejaza mwili kidogo," anakujibu, "Kidogo? Nenda kapimwe macho." Mlangoni kwetu alipita kiubavu, na kiti cha plastiki alikiomba radhi kabla ya kukikalia. Tulimwita Pasi kwa sababu ya kazi yake. Alisimama kwenye chumba cha nyuma cha dobi, akinyoosha mashuka ya hoteli na makoti ya madaktari, mvuke usoni, kutwa nzima kwa miguu.

Mume wake alimwacha kwa maneno machache: "Mimi nilioa mke, sikuoa ghala." Mtaa mzima ulicheka. Hata mimi ningecheka, ni maneno yaliyopangwa vizuri, ila ghala lenyewe lilikuwa dada yangu. Akabaki na binti mmoja, mpwa wangu huyo mwenye ulimi wa wembe, na akabaki na ugonjwa wa sukari, sukari isiyokuwa na utamu wowote.

Jirani na dobi alikuwapo fundi cherehani tuliyemwita Fito, mwanamke mwembamba kiasi kwamba akigeuka upande unaanza kumtafuta. Jioni alisogeza cherehani ukutani, akafagia vipande vya vitambaa, akawafundisha wanawake densi ya tumbo. Na mpiga ngoma wao nani? Nani mwingine! Shule iliniacha darasa la sita, lakini ngoma haijawahi kuniacha. Nimeshapiga ngoma mpaka mtu aliyekuja kugombana akasahau amekuja kugombana na nani.

Walikuja wa kila namna: mwalimu mstaafu mwenye mgongo uliopinda, msichana mwenye kovu la upasuaji kutoka kitovuni kwenda chini, wanene, wakavu, waliozaa na wasiozaa. Wote pekupeku, mishipi ya sarafu za bati viunoni. Pasi alijificha nyuma, ndani ya gauni pana kama hema. Siku moja Fito alimvuta mbele, akamwekea kiganja tumboni juu ya gauni.

"Hebu zungusha pumzi. Shusha. Pandisha. Mnaona? Mimi tumbo langu ni ukuta, mkinitazama mnaona mifupa ikihangaika. Wimbi linataka maji, jamani, na maji ni haya."

Nilikuwa pale, sikuhadithiwa. Lile tumbo lilianza kutembea. Lilipanda kutoka chini polepole, likafika mbavuni, likarudi, na mabega yametulia kimya kama ya mtu anayesikiliza. Hakuna mwembamba aliyeweza vile. Nilikosea pigo, mimi!

Fito akapanga onyesho katika ukumbi wa mtaa, Jumamosi, watu wote waje. Pasi atacheza peke yake, na atacheza tumbo wazi. Mumewe mwenyewe hakuwahi kuliona tumbo hilo taa ikiwaka. Tangu siku hiyo dada yangu akawa mtu mwingine. Alinyoosha mashuka huku kiuno kinaandika nane, na wenzake kazini wakamwambia atakuja kuunguza mali za watu.

Sasa sikilizeni ubaya ulivyoingia. Sarafu za mishipi hushikwa na vipete vya waya, na vipete hukatika, huanguka sakafuni. Mwingine akikanyaga waya ataruka apige yowe. Nyayo za Pasi zilikuwa zimekufa ganzi zamani kwa sukari. Waya uliingia karibu na kidole gumba, naye akausimamia kazini, akauchezea jioni, akalala nao. Hakujua.

Aliyejua ni mpwa wangu, tena kwa pua. Alidhani panya amefia nyuma ya kabati. Akasogeza kabati, akapiga deki, akafua mapazia. Harufu ikahamia jikoni. Mama yake akienda sebuleni, nayo inaenda sebuleni. Ndipo akamshika mguu kwa nguvu, akakuta kidole cheusi.

Hospitalini daktari alisema kwa upole, "Mama, tukikata leo tunakata vidole na kipande cha wayo. Tukichelewa, sijui tutakata wapi."

"Nikate Jumatatu," Pasi akasema.

"Huu uozo haungoji Jumatatu."

"Basi utaningoja wewe." Akajifunga kitenge, akarudi nyumbani akichechemea.

Mpwa wangu alinijia macho mekundu. "Mjomba, kataa kupiga. Bila ngoma hachezi. Wewe ndiye uliyebaki, mimi nimeshapiga magoti." Fito naye, alipoambiwa, alimtoa dada kwenye onyesho palepale. Nikaenda kwa Pasi kifua mbele, maana nilijua bila mikono yangu hakuna densi.

"Dada, sipigi."

"Hupigi?"

"Sipigi ng'o! Kakatwe kwanza. Ukipona nitapiga mpaka paa liondoke."

"Nikipona watatazama mguu, mdogo wangu. Watasema maskini, tazama kilema anavyojitahidi. Mimi nataka mara moja tu watu walitazame hili tumbo wasicheke. Mara moja. Ni kubwa hilo?"

"Kubwa kuliko mguu?"

Akaendelea kushona sarafu kwenye mshipi wake. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia. Akasema, "Kilichokufa ni mguu. Sikio langu zima, na nimekusikia."

Jumamosi nilisimama nje ya mlango wa ukumbi, mikono mfukoni, nikiwa na uhakika wangu. Wanawake walimaliza. Makofi. Kisha kimya kirefu, halafu nikasikia sarafu. Alikuwa amepanda jukwaani bila kuitwa. Mpwa wangu alinipita mbio kwenda kumshusha. Nikangoja kelele za kumshusha, sikuzisikia. Nikasikia kiganja kimoja kikipiga mapigo, kisha cha pili, kisha ukumbi mzima ukaingia. Hawakunihitaji. Ningeweza kusukuma ule mlango kwa kidole, lakini ukaidi ulinishika kola, nikabaki nje nikitazama baiskeli za watu.

Alishuka mwenyewe, anatetemeka kwa homa. Jioni ileile tukampeleka. Walikata juu ya goti.

Wodini aliuliza kila aliyekuja, "Ilikuwaje?" maana alikuwa amecheza macho amefumba. Fito akamsimulia. Mwalimu mstaafu akamsimulia, akapinda na mgongo wake pale kitandani kumwonyesha. Zamu yangu ikafika. Mimi ninayeweza kukueleza harusi ambayo haijafungwa, mpaka rangi ya viatu vya bwana harusi, siku hiyo nilikosa uongo.

"Sikuingia, dada. Nilikuwa nje."

Akanitazama. "Ulisikia wakicheka?"

"Hapana. Hakuna aliyecheka."

"Hata mwanzoni? Nilipofungua nguo?"

"Hata mwanzoni."

Akashika shuka pale lilipolala bapa, mahali pa mguu. Kisha akasema taratibu, "Ningejua ni huku juu, ningewapa vile vidole. Ngoma ilikuwa tamu, sikatai. Lakini ningewapa."

Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Figo zikafuata. Alikufa mchana, chakula cha wagonjwa kikigawiwa.

Wanawake wa Fito bado wanacheza, na kila mgeni mnene akiingia husimuliwa habari za Pasi: alivyokuwa shujaa, alivyochagua, alivyokufa akitabasamu. Hakutabasamu. Alikuwa na kiu na alimtaka binti yake. Mpwa wangu akisikia wanaanza, hunyanyuka akatoka, na mimi huacha ngoma nikamfuata.