Nyumba Mbili za Rozi Szabados

Rozi Szabados alikuwa na miaka hamsini na moja alipohama kutoka kwa mama yake. Alikuwa mpishi wa shule mjini Toledo, na kila jioni alirudi kumpikia mama yake, Etelka, kabichi za kuzungushia nyama ambazo mdomoni mwa mama hata siku moja hazikuwa tamu. Mwanamume mmoja tu ndiye aliyewahi kukaribishwa mezani pale kwa ajili ya Rozi. Etelka alimtazama akinywa supu, akamuuliza, "Kwani umekosa mwingine kabisa?" Yule bwana hakurudi tena.

Mwaka 2009 benki zilikuwa zimeshawatoa watu wengi majumbani mwao, na nyumba zilikuwa zikiuzwa nusu ya bei. Serikali ikatangaza nafuu ya kodi: anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza atarudishiwa sehemu ya kumi ya bei yake, mradi isizidi dola elfu nane. Rozi alimsomea mama yake karatasi yote, hadi kile kifungu kilichosema kwamba mnunuzi asiwe amemiliki nyumba aliyokuwa akiishi katika miaka mitatu iliyopita.

"Nunua," Etelka akasema. "Kwa umri huo unangoja nini?"

Rozi alishangaa mpaka akambusu mkono.

Mwezi wa tisa akanunua nyumba ndogo ya mbao, barabara tatu kutoka pale, kwa dola elfu arobaini na nane. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa limekufa, lakini hesabu aliyokuwa nayo ilitosha: fedha za nafuu zikija, elfu nne na mia nane, atanunua tanuri jipya. Baridi ilipoingia alivumilia kwa hita ndogo ya umeme aliyoihamisha chumba hadi chumba, akilala na koti, na bado aliamka akiimba. Rangi ya jikoni aliichagua mwenyewe, ya njano. Hakuwahi kuchagua rangi ya kitu chochote.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alikwenda kwa Bi. Pruitt, mwanamke aliyekuwa akiwajazia majirani fomu za kodi katika kichumba kando ya duka la dobi. Bi. Pruitt akaingia kwenye daftari la ardhi la wilaya kuthibitisha ununuzi, akaandika jina la Rozi.

"Dada, mbona hukuniambia una nyumba mbili?"

"Mbili? Mimi hata hii moja bado siamini ni yangu."

Bi. Pruitt akamgeuzia kioo cha kompyuta. Nyumba ya Etelka ilikuwa na wamiliki wawili tangu mwaka 2004: mama na binti.

"Na wewe ulikuwa unaishi humo mpaka mwezi wa tisa?"

"Nimeishi humo tangu nizaliwe."

"Basi kwa sheria wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza. Siwezi kukuombea ile nafuu, dada yangu. Nikiiandika, watakudai uzirudishe fedha, na faini juu."

Rozi alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, bila kufunga vifungo vya koti. Etelka alikuwa mezani akimenya kitunguu saumu.

"Mama, uliniandika kwenye hati ya nyumba?"

"Mwanasheria ndiye aliyenishauri. Nikipelekwa kwenye nyumba ya wazee, serikali isije ikaila nyumba yote kulipia matunzo."

"Hukuniambia."

"Ungeuliza."

"Nilikusomea ile karatasi! Hapa hapa! Ulijua sitapata kitu, ukaniambia nunua!"

Etelka akaweka kisu chini. Alikuwa anatabasamu. "Nilitaka nione utafika wapi. Barabara tatu! Hata kunikimbia hujui, Rozi. Haya, vua koti, maharage hayajaungwa."

Rozi aliondoka. Siku tisa baadaye, akiwa kazini, mabomba yake yaliganda yakapasuka. Maji yalishuka ukutani, yakainua sakafu, yakageuka barafu jikoni, na rangi ya njano ikabanduka vipande vikubwa kama maganda. Bima ilikataa kulipa kwa sababu nyumba haikuwa na tanuri. Alihangaika na nyumba hadi majira ya kiangazi, akashindwa kulipa mkopo wake, na benki ikaichukua.

Akarudi kwenye chumba chake cha zamani na masanduku mawili. Etelka alimpokea mlangoni. "Umekonda," akasema. "Nilikuambia."

Rozi akapita. Jioni ile alipika, akapakua, akaosha vyombo, wala hakufungua kinywa. Kesho yake vilevile. Mwanzoni mama yake alicheka, akamwigiza akitembea kwa midomo iliyobanwa. Baada ya mwezi alianza kutukana. Mwaka wa pili macho yake yakaanza kufa, na nyumba ikawa kwake giza lenye sauti za sahani tu. Rozi alimwogesha, alimvisha, alimkata kucha kwa uangalifu. Na simu ilipolia, alikwenda nayo uani, akacheka huko na wapishi wenzake kwa sauti ya kusikika ndani.

"Rozi," mama yake alimwambia asubuhi moja, akipapasa meza kuutafuta mkono wake. "Sema kitu. Hata tusi."

Rozi aliuondoa mkono wake, akamwekea mama kijiko kiganjani.