Kipimo cha Lugano

Ufito wa mkole unapokauka juu ya moto hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine chochote. Kuna moshi ndani yake, kuna mafuta ya ng'ombe, na chini kabisa kuna uchachu wa ndizi zilizoiva zikasahaulika. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea mlangoni kwa baba mkubwa, kule Masoko, mwaka niliotimiza miaka kumi. Ilikuwa likizo ya Juni. Mvua za Rungwe hazina adabu, hukunyeshea hata mwezi ambao watu wa kwingine wanapigwa jua, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa migombani kiasi kwamba niliisikia nyumba kabla ya kuiona. Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni. Mama alikuwa amenituma kutoka Ibighi kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mjamzito na amechoka na mdomo wangu. Ya pili, mahindi ya baba mkubwa yalikuwa yakikomaa na ngedere walikuwa wameshaanza kuyazuru. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa debe bovu la kupiga na rungu siku ileile ya kwanza.

Baba mkubwa, jina lake Ambakisye, alikuwa kaka wa kwanza wa baba yangu, na alijulikana hadi vijiji vya jirani kwa kuchonga pinde. Wanaume walizinunua kwa ajili ya ngedere na nguruwe pori. Aliishi na mama mkubwa, mkewe, wawili tu katika nyumba iliyojengwa kwa matumaini ya watoto wengi. Walimpata mmoja, Lugano. Alizaliwa wiki moja na mimi, tukabatizwa siku moja, na ninaambiwa kwamba tuling'atana kanisani. Alipokuwa na miaka mitano aliteremka ziwani na kidumu kuchota maji. Kidumu kilikutwa kinaelea. Yeye hakukutwa, siku ile wala siku zilizofuata, ingawa wanaume waliingia majini hadi midomo ikabadilika rangi. Ziwa letu ni shimo la mlima wa zamani, kina chake hakuna aliyekigusa, na wazee husema kinachozama humo hakirudishwi. Kwa hiyo Lugano hakuwa na kaburi. Haya yote niliyajua kwa namna mtoto anavyojua mambo ya watu wazima, yaani niliyasikia nikiwa nimejifanya nimelala.

Nilipomwomba baba mkubwa anifundishe kuchonga upinde nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Sijapata kumwona mwanamke wa kwetu akichonga upinde, sembuse msichana wa darasa la nne. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Nilidhani ni kwa sababu ya werevu wangu, ambao nilikuwa nauheshimu sana. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa ameanguka kutoka mtini mwishoni mwa mwaka uliopita, na tangu hapo mkono wake wa kulia haukupanda juu ya kifua. Aliweza kushika kijiko na kitabu cha nyimbo, lakini si kisu cha kukwangulia mkole. Alihitaji mikono, na mikono ikajileta yenyewe na kidomo chake.

Kazi ilianza kwa kipimo. Kwa kawaida alikuwa akija Ibighi kila Krismasi na mkungu wa ndizi, ananisimamisha kwenye mwimo wa mlango, ananyoosha kamba ya mgomba kutoka kisigino hadi kidevu, anapiga fundo na kuitia kamba mfukoni mwa koti. Niliona ni mapenzi tu, kama watu wengine wanavyobana mashavu ya watoto. Krismasi iliyotangulia hakuja kwa sababu ya bega, basi sasa alinisimamisha pale uani kwenye nyasi. "Upinde hauzidi kidevu cha mwenyewe," aliniambia. "Ukizidi, mwenyewe hauwezi." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mimi nilitaka cha juu, nikainua visigino. Nyasi zilikuwa ndefu, hakuona. Alipopiga fundo aliitazama kamba muda mrefu, akaipitisha vidoleni mara mbili. "Ee Kyala," alimwita Mungu taratibu, "mwaka huu amekuwa mrefu." Machozi yalimlenga. Niliona haya kidogo kwa kudanganya, na nilifurahi zaidi kwamba nitapata upinde mkubwa.

Ufito alikuwa ameukata tangu Pasaka na kuulaza uchagani, juu ya jiko, moshi uukaushe. Walimu wetu walipenda kutuambia samaki mkunje angali mbichi, hasa wakiwa na fimbo mkononi. Mkole ni kinyume. Baba mkubwa alichukua ufito mbichi, akaupinda kidogo kwa mkono wake mzima, akauachia. Ukabaki umejikunja, hauna nguvu, mti uliokata tamaa. Mti unaokunjwa mbichi hausahau, ndivyo alivyonifundisha, lazima kwanza umalize kulia maji yake. Kisha nikaanza kukwangua. Siku nzima unakwangua katikati kwenda nchani, upande wa tumboni tu, hapa kidogo na pale kidogo, unausimamisha, unaukandamiza goti, unatazama kama mikono yake miwili inajipinda sawasawa. Vidole vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Nililainisha kwa majani ya msasa, nikapaka mafuta, nikausogeza kwenye moshi tena. Upote, ule uzi wa upinde, tulisokota kwa ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa, yeye ameshika ncha moja kwa meno. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyoupenda ufito ule. Nilikwisha kuupa jina, na nilikwisha kuchagua ngedere wa kwanza, dume moja lenye mkia uliokatika ambalo lilikuwa likinizomea.

Pale uchagani palikuwa na pinde nyingine nne, fupi, zimepakwa mafuta na hazina upote. Kila moja ilifungwa kamba ya mgomba katikati. Niliuliza ni za nani, akasema ni za watu. Ndogo kuliko zote haikunifika kifuani, na nilijiuliza ni mtu gani mzima mwenye kidevu mahali pale. Lakini mtoto mwenye kazi hana muda wa maswali, na mimi nilikuwa na shamba la kulinda. Mashamba yalikuwa mawili. La juu, lililopakana na nyumba, nililinda kwa debe na makelele, na hata hivyo ngedere walivuna kabla yetu. La chini liliteremka hadi ukingoni mwa ziwa. Huko kulikuwa na dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambacho mlinzi hukaa juu yake, na hakuna aliyekikalia. Hindi hata moja halikuwa limeguswa. Nilipita mistari yote nikitafuta bua lililovunjwa, sikuona. Ngedere walikaa kwenye miti ya jirani wakitazama, kimya, bila zile kelele zao. Nilimuuliza baba mkubwa mbona huku hatulindi. "Pana mlinzi," alijibu, akaendelea kupuliza moto.

Asubuhi mbili au tatu, ukungu ukiwa bado chini, nilisikia mlio kutoka huko. Ulikuwa mlio mmoja, mkavu, wa upote ulioachiwa. Baada ya wiki tatu za kukaa na fundi nilikuwa naujua mlio huo kama ninavyoujua mlango wa kwetu. Kila mara baba mkubwa alikuwa mbele yangu, anakunywa chai. Kila mara aliinua kichwa kidogo, kisha akashusha. Nilijiambia kwamba ni jirani anayewinda. Jirani wa karibu kwa upande ule alikuwa ng'ambo ya ziwa.

Siku upinde ulipokamilika mama mkubwa aliniita jikoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache; nadhani kwa likizo nzima aliniambia kula, oga na lala. Alikuwa akimenya ndizi na hakuziacha. "Baba yako mkubwa anaona taabu kukwambia," alisema. "Upinde huo si wako, mwanangu. Ni wa Lugano. Na hizo za juu ni zake, za kila mwaka. Mtoto anakua, upinde wa mwaka jana haumtoshi." Nikamuuliza anajuaje kama anakua. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa kukupima wewe. Mlizaliwa pamoja." Kwetu mtu akifa hupimwa kwa kamba ya mgomba, na kamba hiyo hupelekwa kwa fundi wa jeneza, nilimwona babu akipimwa hivyo. Lugano hakupatikana kupimwa. Baba yake aliendelea kumpima akiwa hai, juu ya mwili wangu, na mimi kila Krismasi nilikuwa nikijinyoosha na kucheka.

Nilikasirika kwanza, ndiyo kweli, kabla ya kuogopa. Upinde ulikuwa wangu, ulikuwa na damu ya vidole vyangu. Hofu ilikuja jioni mimi na baba mkubwa tulipoupeleka shamba la chini, jua bado lipo. Upinde wa mwaka huteremshwa huko, alinieleza, na wa zamani hurudishwa uchagani. Pale dunguni palikuwa na upinde mmoja, wa tano, ukiwa na upote wake umevutwa, na pale mkono unaposhika mti ulikuwa umeng'aa kwa kushikwashikwa. Aliuchukua, akaufungua upote kwa mkono mmoja na meno. Kisha akaniambia nitie upote kwenye mpya. Nilijaribu mara tatu. Nilikandamiza kwa goti, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, na ncha haikufika. Ulikuwa mrefu mno kwangu, na nilijua kwa nini. Yeye na bega lake hakuweza. Tuliulaza dunguni ukiwa umenyooka, upote umelegea pembeni, tukapanda nyumbani.

Asubuhi nilishuka peke yangu. Sijui nilitumwa na nini. Upinde ulikuwa umeegemezwa kwenye nguzo ya dungu, umepindwa vizuri, upote umekaza. Niliugusa kwa kidole kimoja na ukalia. Juu ya miti ngedere wote waligeuza vichwa kuniangalia mimi, halafu, wote pamoja, wakaangalia nyuma yangu.

Sikugeuka. Nilikimbia hadi nikapoteza kandambili moja. Leo ninajua kwamba mama mkubwa alikuwa na mikono iliyotwanga na kubeba maisha yote, na kwamba mke anaweza kufanya mengi kimyakimya ili mumewe aamke na kitu cha kuaminia. Huenda ni yeye. Ninajiambia ni yeye. Nilirudi Ibighi mwisho wa wiki na kumwambia mama kila kitu, naye akakaa chini palepale na tumbo lake. "Mtoto mzima anapimwa kwa kamba ya maiti?" alisema. Aliniapisha nisisimame tena mbele ya kamba ile kwa mtu yeyote, awe baba mkubwa, awe mchungaji.

Krismasi baba mkubwa alikuja na mkungu wake wa ndizi. Alisalimia, akanywa chai, akambeba mdogo wangu aliyezaliwa Septemba, akamsifu. Kisha akatoa kamba mfukoni na kunitazama. Mama alikuwa jikoni. Alikuwa ameniachia niseme mwenyewe. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, nikasema, "Sitaki, baba." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu kisichomhusu. Akaikunja kamba mara mbili, mara tatu, akairudisha mfukoni. Aliniuliza habari za shule, nikajibu nimekuwa wa nne. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru, "soma." Hakuchonga upinde mwingine. Mwaka uliofuata ngedere waliingia shamba la chini.

Sasa wote wawili wamefariki, na shamba lile, la juu na la chini, ni parachichi tupu. Mnunuzi huja na gari na kreti zake, na vijana wanalinda kwa mbwa na simu inayopiga muziki. Mimi ni fundi cherehani sokoni Tukuyu. Januari akina mama hujipanga na watoto wao kwa sare za shule, ninazungusha futi viunoni, ninaishusha kutoka bega hadi goti, na kila mama ananiambia lilelile: acha pindo, huyu anakua. Ninaacha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikuwa nalisema neno hilo shuleni kwenye insha, nikipata alama, bila kujua ninasema nini. Nimezaa watatu. Ninajua mama yangu alinilinda, na ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Lakini mzee yule hakuniomba damu wala roho. Aliniomba nisimame wima mlangoni, dakika moja, mara moja kwa mwaka, na mwanawe angeendelea kukua.

Mimi nikasema sitaki, na Lugano akabaki na miaka kumi.