Siku Niliyomtafuta Mchumba kwa Probabilite

Mkitaka kucheka, chekeni sasa nikiwapo, maana najua nikitoka mtacheka zaidi. Mimi mwalimu wa hesabu, mtu wa Ntoto, niliaibika kule Karuba mbele ya wakwe zangu wote, tena siku ya kupeleka mahari, na hakuna aliyenisukuma.

Kwa desturi yetu bwana harusi haletewi mchumba hivi hivi. Wanatolewa watu waliofunikwa vitenge toka kichwani mpaka miguuni, naye amtafute wake. Wakatokea watatu. Baba mdogo, msemaji wetu, akanikanyaga mguu (nikausogeza, nikidhani amekosa nafasi), nami nikasimama nikaanza somo la uwezekano, lile ninalofundisha darasani kwa kutoa maharage kifukoni: "Bakwe, probabilite ya kumupata Furaha iko moja juu ya tatu. Nikikosa, inapanda, moja juu ya mbili. Nikikosa tena, wa tatu njo yeye, hakika."

Wakanipigia makofi. Ningejiuliza kwa nini wanashangilia namna ile, lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Nikafunua wa kwanza: msichana wa jirani. Faini, mbuzi. Nikafunua wa pili: nyanya yake Furaha, hana jino hata moja, akanishika shingo akasema, "Bwana yangu, ulikawia." Watu wakaanguka kwa kicheko, na mimi bado nilikuwa na raha, kwani hesabu ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Nikapiga magoti mbele ya wa tatu, nikashika mkono (ulikuwa mgumu kidogo, nikasema moyoni ni jembe hilo), nikatamka mapenzi yangu yote kwa sauti, kisha nikafunua. Shemeji yangu, kaka yake Furaha, na ndevu zake.

"Mwalimu," shangazi yao akauliza, "nani alikuambia Furaha iko mu hawa batatu?"

Hapo sauti ya Furaha ikatoka ndani ya nyumba, na haikuwa ya mchezo: "Mumuambie arudi kwabo. Anafunua bantu sawa vile anatosha haragi mu kifuko. Miye sitoki."

Kicheko kikakatika. Niliogopa, nawaambia kweli: ng'ombe wa mahari wako kwenye kamba, wazee wamekaa, na mke hatoki. Nikasogea mlangoni, shati limelowa jasho.

"Furaha, unisamehe. Kama weye hauko, hesabu yangu yote iko zero."

Nikamsikia anacheka kidogo. "Ngoja nivae viatu."

Tangu hapo, mwanafunzi wangu hapigi hesabu ya probabilite kabla hajamwaga kifuko mezani akaona kilichomo. Na nyumbani nimekoma kabisa: nikitaka kujua mke wangu aliko, ninamwita.