Sukari Iliyorudi Kwenye Lundo

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Naandika polepole, herufi zangu zinaegemeana kama miti ya uzio wa zamani, na pale nitakapokosea tahajia naomba msomaji asome kile nilichokusudia. Shule yangu iliishia darasa la saba. Tena mimi ni mtu wa haya. Mambo haya sijawahi kuyasema kwa mdomo, ndiyo maana nimeiachia kalamu.

Kilichonianzisha ni safari ya mwezi uliopita. Nilikuwa natoka hapa Ilomba kwenda nyumbani, upande wa Ilula, kwenye msiba. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu basi likapata pancha, tukashuka. Shambani niliona nyuzi bapa za rangi ya kahawia zimevutwa kutoka mti hadi mti, zinang'aa juani na kuvuma kwa upepo, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nikamwuliza mama aliyekuwa akipalilia kuwa zile ni kitu gani.

"Si mkanda wa video, dada. Ndege wanauogopa sana."

Nilicheka, halafu nikajikuta nimekaa chini kwenye majani. Mimi niliuogopa mkanda ule kabla ya ndege wake.

Nililelewa na bibi, mama wa mama yangu. Tulikuwa wawili tu kwenye nyumba ya tofali mbichi, na asubuhi za Juni ukungu uliingia mpaka jikoni ukachanganyika na moshi. Kazi zangu zilikuwa maji, kuni, na kuchambua maharage. Malipo yangu yalikuwa viazi vilivyochomwa kwenye majivu, ambavyo bibi alivimenya kwa vidole bila kuungua. Bibi hakuwa na mali, ila alikuwa na cheo kimoja. Kila Sikukuu ya Mavuno yeye ndiye aliyelinda lundo. Watu walileta kanisani mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu, nyanya kwenye matenga, na baada ya ibada vitu vile viliwekwa nje, kando ya ukuta, vikisubiri mnada. Bibi alikaa pembeni yake na fito ya mwanzi. Hakuna mtoto aliyegusa hata ndizi. Nilimwonea fahari mpaka nilikuwa natembea kwa maringo siku hiyo, mimi ambaye siku nyingine nilitembea ubavuni mwa njia.

Mwaka ninaousema, vita vya kumtoa Amin vilikuwa vimetoka kwisha, na sukari dukani ilikuwa ni habari tu. Basi jirani yetu, mama mmoja mjane, akaleta kwenye mavuno pakiti ya sukari. Kaka yake alikuwa utingo wa malori ya Zambia, ndiye aliyempa. Ilipowekwa juu ya mahindi watu waliguna kwa pamoja.

Siku hiyohiyo mwalimu wa useremala wa pale misheni, Mzungu mmoja mpole, alikuja na kamera ya ajabu. Aliibeba begani kama mtu aliyebeba mtoto, na waya ulitoka kwenye kamera kwenda kwenye begi zito lililomning'inia ubavuni. Sisi kamera tuliijua. Unasimama wima, unakaza uso, inalia *ka*, basi, umeshapigwa. Ile yake alipotuelekezea tulisimama wima wote, tukangoja. Haikulia. Wengine walisema imeharibika. Mimi nilijua tu kwamba haijapiga.

Kwa hiyo wanawake walipoanza kuimba na bibi akageuka kuwatazama, kamera ilikuwa inanitazama mimi, nami sikujali. Nilichukua ile pakiti nikaiingiza ndani ya sweta langu la kijani, lililotoboka kiwiko. Nilikwenda nayo mpaka kwenye mianzi ya kugemea ulanzi, ile pombe ya kwetu, nyuma ya nyumba yetu. Nikatoboa kona, nikalamba mara mbili. Nilitegemea utamu. Nilichopata ni moyo wangu kupiga mpaka masikioni. Nikaifukia pakiti kwenye majani makavu.

Kwenye mnada sukari ikaitwa, haikuonekana. Mzee wa kanisa alimwuliza bibi mbele ya watu. Bibi akatazama fito yake.

"Sikuona," alisema.

Basi maneno yakamgeukia jirani. Walisema ameileta ionekane, kisha akairudisha nyumbani kwake. Siku tatu zilizofuata kisimani wanawake walimsalimia kwa mdomo wa pembeni. Mmoja akamwambia, "Kamwene, dada. Chai leo ni kwako, si ndiyo? Tuje na vikombe?" Wengine wakacheka. Jirani alijitwisha ndoo yake ikiwa nusu akaondoka. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya maji, nikainamia ndoo yangu.

Jumanne mwalimu wetu alitangaza kwamba kesho yake mchana kijiji chote kinaalikwa kwenye darasa la saba. Ile kamera ya Mzungu ilihifadhi mambo ya Jumapili kwenye mkanda, na yataonekana kwenye televisheni. Watu watatembea na kuimba kama walivyofanya. Mimi sikuwa mtoto wa kunyoosha mkono, lakini siku ile niliunyoosha. Nikauliza, je, na kama haikulia?

"Hii hailii," mwalimu akasema. "Inameza kimyakimya."

Usiku sikulala, na asubuhi nilisema naumwa. Bibi aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akasema sina homa. Halafu akasema lazima twende, maana kioo chetu kinaonyesha uso tu, naye tangu azaliwe hajauona mgongo wake. Njiani alinishika mkono. Viganja vyetu vililowa jasho, nami nilidhani jasho lote ni langu.

Madirisha ya darasa yalikuwa yamefunikwa kwa mablanketi ya bweni. Nje jenereta ya hospitali ilinguruma, na ndani kulinuka watu, mafuta ya taa na sweta mbichi. Mbele, juu ya meza, kulikuwa na sanduku lenye kioo cha kijivu, na kando yake mashine ambayo mwalimu wa useremala aliisukumia mkanda mdomoni. Kioo kikawaka. Mzee wa kanisa akatokea anajikuna kwapa, watu wakacheka mpaka wakagonga madawati. Kila mtu alimwonyesha mwenzake. Mama mmoja alimsalimia dada yake aliyekuwa kwenye kioo, wakati dada huyo amekaa ubavuni mwake.

Kisha likaja lundo. Nikaona maboga, nikaona kuku, nikaona pakiti. Nikafumba macho, lakini niliogopa zaidi kutoona, nikayafumbua. Mkono wenye sweta lililotoboka ulikuwa umeshaishika sukari.

Hapo nikaona kitu ambacho sikukijua. Nyuma yangu bibi hakuwa anatazama waimbaji. Alikuwa amegeuka, ananitazama mimi. Alinitazama vizuri, toka pakiti iko juu ya mahindi mpaka ikaingia kifuani. Mzee wa kanisa alikuwa anakuja upande ule. Bibi akasogea hatua mbili, akafungua kitenge chake akakitandaza kama anayejifunga upya, akanikinga mpaka nilipopotea.

Darasa zima lilinyamaza. Mwalimu wa useremala, ambaye hakujua habari ya sukari, alidhani ukimya ule ni wa kupendezwa. Akatabasamu, akabonyeza kitu kwenye mashine. Picha ikatetemeka, ikajaa mistari, na watu wakaanza kwenda kinyumenyume. Kitenge cha bibi kikajifunga. Mimi nikarudi kwa mgongo, mkono ukaingia kwenye sweta, ukaitoa sukari, ukaiweka taratibu juu ya mahindi. Nikapumua. Kwa utoto wangu niliamini imerudi kweli, kwamba mambo yamefutwa. Kisha mwalimu wa useremala akaachia alichobonyeza, na mkono ule ukaichukua tena.

Nilijikojolea. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Bibi alisimama. Alikuwa mfupi, lakini mwanga wa kioo ulimfanyia kivuli kikubwa kwenye blanketi. Alisema, "Aliyekabidhiwa lundo ni mimi. Niliona, nikasema sikuona. Huyu ni mtoto. Jirani yangu hana kosa."

Aliyejibu ni jirani, kutoka nyuma, polepole: "Siku tatu mmekunywa chai yangu kwa midomo yenu. Leo imetosha."

Tulipofika nyumbani nilingoja fimbo, sikupigwa. Tulikwenda kwenye mianzi, tukaikuta pakiti imejaa sisimizi. Bibi aliichukua hivyohivyo mpaka kwa jirani, akapiga magoti mlangoni. Jirani alitutazama muda mrefu, kisha akaleta ungo. Wakapepeta wote wawili, jirani akabandika maji. Tulikunywa chai yenye sisimizi wawili watatu wakielea, na hapo ndipo nilipouonja utamu wa sukari ile. Wakati wa kurudi bibi alisema jambo moja tu. Alisema mgongo wake umepinda kuliko alivyodhani.

Mwaka uliofuata fito ya mwanzi alipewa jirani. Bibi alikaa na wengine kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani, na mavuno yalipobebwa kutolewa nje hakuyatazama. Hakuna aliyemsema, lakini hakurudishiwa. Hilo limenikaa kifuani kuliko pakiti yoyote.

Sasa bibi hayupo, na jirani hayupo. Mianzi ilikatwa, kanisa limejengwa jingine, na mikanda ya video inafukuza ndege. Bibi hakupigwa picha maishani mwake, hata ya kitambulisho. Mahali pekee alipobaki anatembea ni kwenye mkanda ule, na mwalimu wa useremala aliondoka na masanduku yake nikiwa darasa la tano. Labda aliuchukua. Labda aliuacha kwa mtu.

Wewe unayesoma, kama ulikuwa kwenye darasa lile siku ile, au kama nyumbani kwenu kuna mkanda wa zamani wa Sikukuu ya Mavuno ambao hamjui ni wa nani, tafadhali niandikie kabla hamjaufunga shambani. Nitajibu, ingawa nitachelewa kwa sababu ya mwandiko. Nitakuja popote ulipo. Na kama mashine bado inaweza kurudisha nyuma, naomba uisimamishe pale ambapo sukari iko juu ya mahindi na bibi ameshika fito yake.