Prosesa Mbili na Nyumba ya Mama

Mjukuu wangu amerithi jina la mama yangu mzazi, na kwetu Mbeere anayebeba jina hubeba na heshima yake. Kwa hivyo tangu alipokuwa mtoto wa mgongoni mimi humwita mama. Watu wa huku Mitunguu, nilikoolewa, walicheka sana. Mwanamke mwenye mvi anamwambia mtoto mwenye makamasi, "Mama, njoo nikupanguse pua." Wacheke. Binti yangu alikuwa amekufa, akaniachia huyo mmoja tu, na hakukuwa na wakwe wa kuja kudai jina. Nikampa jina nililolitaka mimi.

Kazi yake ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Mtu ana kiwanja Nkubu, ana mawe, ana kiburi, lakini hajui nyumba yake itakaaje. Mjukuu wangu anamchorea kwenye kompyuta, halafu anamwonyesha picha ambayo ungeapa ni nyumba ya kweli. Jua linapiga dirishani, kivuli cha mti kiko ukutani. Mwenye kiwanja anatembezwa mpaka jikoni kama anatazama sinema, na nyasi bado zimesimama pale kwenye kiwanja chake. Alisomea hayo chuo. Mimi niliachia darasa la tatu, mbuzi wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Lakini huyu nilimsomesha kwa ndizi nilizolima kwa mkono wangu, na sioni haya kujisifu. Mwenye haya na asome kwa ndizi za mwingine.

Alipomaliza chuo alirudi kwangu. Ofisi yake ilikuwa chumba nilichokuwa nikivundikia ndizi. Tulitoa majani makavu, tukapaka ukuta rangi nyeupe, lakini harufu ya ndizi mbivu haikutoka na yeye alisema tusiitoe. Mlango wa chumba unatazamana na mlango wa jiko langu. Nikiwa namenya ndizi mbichi za mchana, nasikia vidole vyake vikigonga kama kuku anayedonoa mahindi kwenye bati. Sauti hiyo niliizoea mpaka ikinyamaza najua ameanza kufikiria, au ana njaa.

Siku ambazo wateja walikuwa hawajampigia, alinichorea nyumba ya mama yangu.

Ilikuwa Kiambere, karibu na mto Tana. Leo huwezi kwenda kuiona. Bwawa la stima, la umeme, lilipojaa, maji yalikaa juu ya kila kitu: nyumba, zizi la mbuzi, jiwe ambalo mama alianikia mtama. Mimi nilikuwa nimeshaolewa huku, nilisikia tu. Hakuna picha. Picha ilikuwa kichwani mwangu, na mjukuu wangu akasema atakitoa kilichomo kabla sijazeeka vibaya.

Aliniweka kwenye kigoda kando yake. Nasema, "Ukuta ulikuwa mwekundu, si wa kahawia." Anagusa, ukuta unakuwa mwekundu. Nasema, "Mlango ni mrefu mno. Mama yangu aliinama kuingia, na alikuwa mfupi." Anaushusha. Nasema bado. Anaushusha tena, anaigeuza nyumba yote nione upande wa zizi, kama mtu anayegeuza yai mkononi. Nilimweleza mahali pa mafiga matatu, mahali pa kibuyu, mahali ndugu yangu mdogo alipokuwa akilala. Mengine sikujua kwamba bado ninayo. Yalitoka kwa sababu aliuliza na akangoja.

Nyumba ilipokaribia kuisha nikamwambia inakosa moshi. Nyumba isiyo na moshi kwenye paa ni nyumba iliyohamwa. Akashika kidevu.

"Cucu, umetaja kitu kizito kuliko vyote," akasema. Cucu kwetu ni nyanya au bibi.

Nikajua anatania. Moshi ni mzito kuliko ukuta? Akanieleza. Kuchora ni kazi moja, na kupika picha ni kazi nyingine. Ukishachora, unaiachia kompyuta ipike, yaani ihesabu mwanga unagonga wapi na kivuli kinaanguka wapi. Ukuta mwanga unaugonga mara moja na kurudi. Moshi mwanga unaingia ndani yake, unazunguka, unapotea, na kompyuta lazima iufuate kila mahali. Ile kompyuta yake kuukuu ilianza kuufuata moshi wa mama yangu Ijumaa. Jumapili tuliporudi kutoka kanisani tukaipata imezima, inanuka kama waya iliyoungua, na haikuamka tena.

Hapo ndipo mambo ya prosesa yalipoingia nyumbani kwangu.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, kipande kidogo kama biskuti. Ndani yake kuna vichwa vinavyofanya kazi. Mjukuu wangu alikuwa na mbili za kuchagua. Moja ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida, vichwa vyake si vingi lakini kila kimoja kina mbio. Nyingine ni ya seva, zile mashine za ofisi kubwa. Hiyo ina vichwa vingi kama mkutano wa chifu, lakini kimoja kimoja ni cha polepole. Bei zilikaribiana, maana ya seva ilikuwa imetumika, kwa hivyo pesa haikutusaidia kuamua.

Nikamwambia hilo si jambo la kunishangaza mimi. Lori la ndizi likija, ukiwa na wanawake wengi linajaa upesi, hata kama nusu yao wanatembea kama wajawazito. Lakini kutia uzi kwenye sindano, ita kijiji kizima, tundu ni lile moja. Unataka mtu mmoja mwenye macho. Akanitazama, akacheka, akasema walimu wake walitumia wiki mbili kusema hivyo. Kupika picha ni kupakia lori. Kuchora huku mimi nasema shusha mlango, hiyo ni sindano.

"Sasa wewe una lori au una sindano?" nikamuuliza.

Akaanza kunieleza kwamba ile ya seva haikai kwenye kompyuta ya kawaida, ina nyumba yake kubwa, feni zake zinanguruma, na inakunywa stima kama ng'ombe aliyetoka kiangazi.

Stima yetu naijua. Jirani yangu ana kinu cha kusaga, na akikiwasha, balbu yangu inageuka rangi ya chai ya maskini. Mara nyingi mjukuu wangu alitoka chumbani kwenda kumwomba angoje kidogo, na jirani alikuwa akimjibu kwamba watu hula unga, hawali picha. Na mimi alinitania: "Mama wa Mbeere, stima imetoka kwenu, mbona kwako imechoka hivi?" Anafikiri ni mzaha. Stima hiyo imetoka juu ya malisho ya baba yangu.

Nikamuuliza mjukuu wangu, "Hiyo kubwa italala wapi?"

Akachukua ndizi moja akaanza kumenya, na huwa hamenyi ndizi, utomvu unamwasha.

"Embu," akasema.

Wenzake wawili wa chuo walikuwa wamekodi chumba Embu mjini, stima yake haitikisiki. Walikuwa na kazi ya mtu anayejenga mtaa mzima wa nyumba, na walimtaka yeye aje na mashine ya kupika. Bila mashine kubwa kazi ile haiishi. Prosesa ndogo ingekaa kwangu, pamoja naye. Kubwa ingemchukua. Tuliendelea kumenya bila kulisema.

Tulienda Meru mjini, dukani, tukiwa wawili. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi, lakini mwema, maana alikubali mjukuu wangu ajaribu kazi yake kwenye mashine zote mbili kabla ya kununua. Aliniletea kiti na chai.

"Cucu, hii ya seva imetumika, lakini haijachoka," akaniambia.

"Hata mimi nimetumika na sijachoka," nikamwambia, "na hakuna aliyeniuza."

Mjukuu wangu akaweka nyumba ya mama yangu kwenye zote mbili, pamoja na moshi, akaziambia zipike. Kwenye ile ya kawaida vilitokea viraka vichache vya picha, kimoja hapa, kimoja pale, vikifanya kazi kwa bidii kama mafundi wachache juu ya paa. Kwenye ile ya seva viraka vilitapakaa kioo chote mara moja. Feni zikanguruma mpaka muuzaji akaongea kwa kupaza sauti. Chai yangu ilikuwa bado ya moto nyumba ilipoisha.

Ukuta ulikuwa mwekundu wetu. Zizi lilikuwa tupu kama asubuhi mbuzi wakishatoka. Na juu ya nyasi za paa kulikuwa na moshi, mwembamba, na jua likipita ndani yake. Nilitafuta mlangoni kwa macho, mtu atoke. Muuzaji aliniuliza kama chai haina sukari. Nikamwambia anyamaze.

Ile ndogo bado ilikuwa kwenye ukingo wa paa, haijaufikia moshi.

Kisha mjukuu wangu akaisimamisha, akaanza kuchora juu yake. Akaniuliza kama mlango uko sawa, nikasema uteremke kidole kimoja. Ukateremka palepale. Akaigeuza nyumba, akaigeuza tena, nyepesi, na nikaona uso wake umelegea kama wakati wa kigoda chetu. Alipojaribu hivyo kwenye ile ya seva, nyumba iligeuka ikijikokota kidogo, kama mzee anayeitwa na mtoto.

"Amua, dada," muuzaji akasema.

"Nifungie hii ya kawaida," mjukuu wangu akasema. "Inanitosha."

Nilimlea mimi. Akidanganya, sikio lake la kushoto hulishika.

"Mama," nikamwambia, "usinidanganye mbele ya watu."

Muuzaji akatutazama, hajui nani ni mama ya nani. Mjukuu wangu akaniongelesha kwa Kimeru, polepole, ili muuzaji aone ni siri, ingawa muuzaji pia ni Mmeru. Akauliza nani atanitekea maji. Nikamwambia maji yalikuwa yakitekwa kabla hajazaliwa. Akasema magoti yangu. Nikamwambia magoti ni yangu, asiyaingize kwenye kompyuta. Ndipo akasema lile alilokuwa nalo tangu mwanzo.

"Nyumba hatujaimaliza, Cucu."

"Ile nyumba iko chini ya maji," nikamwambia. "Haiendi mahali. Mtaa wa huyo mtu wa Embu ndio hautakungoja."

Nikamgeukia muuzaji nikamwambia afunge ile ya vichwa vingi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko feni. Mjukuu wangu hakubisha, na kutobisha kwake kuliniuma kuliko kama angebisha, lakini ndivyo nilivyomlea pia: chakula kikiwekwa mbele yako, kula.

Aliondoka na lori la mfanyabiashara wa ndizi anayepeleka Embu. Mashine niliifunga blanketi langu la kitandani, lile zito, maana barabara ya kutoka kwetu ina mashimo. Akaipakata mapajani huko mbele kwa dereva. Jirani wa kinu alitoka na unga kwenye nyusi akamwambia aende salama. Hakutania. Lori lilipopinda niliona mkono wake nje ya dirisha, na baadaye ndizi tu.

Nilijaribu kurudisha ndizi za kuvundika kwenye kile chumba. Niliweka mikungu miwili, nikaitoa. Jirani huwasha kinu wakati wowote anaotaka, balbu yangu inakuwa chai ya maskini, na hakuna mtu wa kutoka chumbani akilalamika. Siku moja aliniambia, akitazama chini, kwamba hata kinu kinamkosa yule msichana. Nikamwambia akachunge unga wake. Nilikuwa karibu kulia na sitaki kulia mbele ya watu wa kinu.

Kazi yake inaenda vizuri. Huo ni ukweli na nausema kanisani bila kuulizwa. Nyumba za mtaa ule zilijengwa, na kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, watu walizinunua kwa kutazama picha alizopika yeye. Hunipigia simu kila Jumapili. Nyuma ya sauti yake nasikia feni.

Alikuja mara moja, akalala, asubuhi ilikuwa arudi. Aliniletea nyumba ya mama yangu imechapishwa kwenye karatasi kubwa, ndani ya fremu ya mbao. Aliipika tena Embu, kubwa zaidi, nyasi moja moja. Akasimama mlangoni mwa jiko akiutazama uso wangu.

Moshi ulikuwa umepanda wima, kama kamba iliyoning'inizwa kutoka mbinguni. Kiambere moshi haukupanda hivyo. Jioni upepo ulikuja kutoka mtoni, ukaulaza moshi juu ya zizi, mbuzi wakapiga chafya, na mama akatupigia kelele tufumbe macho. Hilo sikuwahi kumwambia. Lilinijia nilipoona kosa, na kama angekuwa kando ya kigoda changu ningelisema, naye angeupinda moshi palepale, kidogo, tena kidogo.

Simu yake ikaita, akaikata. Ikaita tena.

"Iko sawa, Cucu?"

"Iko sawa, mama," nikamwambia.

Nimeitundika kwenye chumba cha ndizi, juu ya mahali meza yake ilipokuwa. Vumbi la kinu likiingia nalipangusa kwa ncha ya leso. Siutazami sana moshi. Natazama mlango. Ni mfupi sawasawa, lazima mtu ainame kuingia. Huo tuliurekebisha tukiwa wawili.