Jina Lililokuwa Ndani ya Mashini ya Papa

Sisi tuliokulia Likasi wakati mtaa mzima ulikuwa na kompyuta moja, tunakumbuka ilivyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama picha ya Bikira Maria. Mtaani kwetu ilikuwa ya Papa, baba yetu, fundi wa maabara kiwandani. Jioni, bukari, ugali wetu, ikisongwa na samaki wa ziwa Tshangalele wakikaangwa, alituketisha kando yake, akitaja majina ya ukoo huku akiyaandika kwa kidole kimoja ndani ya programu ya ukoo. Nje wasichana wenzetu walicheza nzango, makofi na vishindo vya miguu, nasi miguu ilituwasha.

"Muntu asiyejua wazee yake ni mugeni fasi yote," alikuwa akisema. Mgeni kila mahali; tuliitikia bila kusikiliza.

Papa alipostaafu alihamishia kila kitu kwenye kompyuta ya kubeba mkononi. Alipofariki, miaka minne baada ya Mama, ikabaki kwangu.

Mwaka huu shule ninakofundisha ilitaka pointi, alama za mitihani za wanafunzi, zitumwe kwa mtandao kabla ya Jumatatu. Ukurasa ukanikatalia: mfumo wa mashini yangu umepitwa na wakati, niweke mpya. Kabla ya kuthubutu, nilijaribu programu ile ya Papa kwenye kompyuta ya mwalimu mwenzangu yenye mfumo huo mpya. Haikufunguka.

Jumamosi asubuhi dada yangu mkubwa, Yaya Clémence, ambaye nilikuwa nimemweleza kwa simu, alikuja hata salamu hakutoa.

"Usiguse ile mashini. Papa alikufa mara moja. Weye unataka afe tena?"

"Yaya, na watoto wangu wa masomo? Pointi zao zibakie kwa karatasi?"

"Minye sijui mambo ya masomo. Ile majina iko fasi gani ingine?"

Nikaiwasha mashini, nikafungua programu. Yaya akavuta daftari mezani. "Soma. Minye nitaandika."

Nikasoma. Mababu, mashangazi, aliyehamia Kakanda, aliyekataa kuhama. Kufikia saa nane tukafika kwa wazazi wetu. Juu ya jina la Clémence palikuwa na jina tusilolijua: *Monga, mutoto wa kwanza. Aliishi siku nne.*

Kalamu ya Yaya ikasimama.

"Kumbe siko wa kwanza," akasema polepole. Maisha yake yote alibeba mzigo wa kifungua mimba. Akaliandika jina lile kwa herufi kubwa.

Ndipo nikabonyeza kitufe cha kuweka mfumo mpya. Betri ilikuwa imekufa zamani, na umeme wa mtaa wetu haukuaminika. Ungekatika katikati, mashini isingewaka tena. Kioo kikawa cheusi. Yaya akashika rozari, mimi nikaitazama taa ya dari. Tulisubiri saa mbili nzima.

Ikawaka. Pointi zilikwenda jioni ile ile. Programu ya Papa, kama tulivyohofia, haikufunguka tena.

Enzi hizo mzazi aliweza kumbeba mtoto aliyefariki moyoni hadi kaburini bila jirani kujua. Leo jino la kwanza likichomoza tu, picha imeshafika kwenye simu za mtaa mzima, na watoto wetu wanatucheka tunapouliza haraka ni ya nini. Siwalaumu, huenda wana wepesi wa moyo ambao Mama hakuupata. Jumapili, misa ilipofika pa kuwaombea marehemu, Yaya alitaja kwa sauti jina la Monga, na watu wa benchi la mbele wakageuka kumtazama.