Mwaka Ambao Baba Hakunusa Kitu

Kabla baba hajapotewa na pua yake, mimi nilikuwa napika vyakula vya nchi za watu kwa kujifurahisha tu. Nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja pale Hurlingham. Saa ya chakula, wenzangu wakitoka kutafuta chipsi, mimi hubaki na simu nikitazama watu wa mbali wakikatakata vitunguu. Sikuwa natafuta mapishi makubwa ya hoteli. Nilitaka yale ambayo mtu wa huko hupika Jumanne jioni akiwa amechoka: dengu za Kihindi zilizomwagiwa jira iliyokaangwa, mayai ya Kichina yaliyovurugwa na nyanya, tambi za Kiitaliano zenye kitunguu saumu na mafuta, basi. Nikirudi nyumbani mtaa wa Jamhuri napitia kwa mama mboga, nanunua ninachokosa, najaribu. Mume wangu alizoea kuingia, kuvua viatu mlangoni na kuuliza, "Leo tuko nchi gani?"

Yeye ni mtu wa mkoa wa Magharibi, na kwake chakula ni ugali. Vingine vyote ni mboga. Lakini hula. Akikuta kitu kisichomwingia husema, "Hii iko na maneno mingi," kisha anaenda kuteleka maji ya ugali mwenyewe. Hatukuwahi kugombana kwa sababu hiyo.

Baba alikuwa anaishi peke yake Kinoo tangu mama afariki, katika nyumba iliyo mbele ya vyumba vyake vya kupangisha. Alipata mafua makali yakamlaza, akapona. Alipopona akaanza kulalamikia chakula. Chai haina kitu, nyama haina kitu, hata chumvi ya siku hizi si chumvi. Nilidhani ni upweke, maana nimeona watu wengi wakibaki peke yao wanaichukia sahani. Kisha siku moja alipasha githeri, mahindi yake na maharagwe, akaketi sebuleni kusikiliza redio, na githeri ikaungua mpaka ikawa makaa. Aliyekimbia kuzima jiko ni mpangaji wake, aliyeona moshi ukitokea dirishani. Baba alikuwa pale pale, mlango wa pili kutoka jikoni, anafuatilia habari.

"Sikusikia harufu," aliniambia nilipofika. "Hata sasa sisikii. Kwani nyumba inanuka?"

Nilikuwa nimejifunika pua na mdomo kwa skafu.

Daktari alitueleza kwamba mafua yanaweza kuondoka na uwezo wa kunusa, na kwamba uwezo huo unaweza kurudi, usirudi, au urudi nusu. Hakuwa na dawa ya kutupa. Alisema ni kungoja, na kila siku kunusa vitu vyenye harufu kali ili pua ikumbuke kazi yake. Tulipotoka nje baba alisimama kando ya gari akafikiri.

"Kwa hiyo ni pua," alisema. "Mimi nilifikiria ni uzee."

Ilionekana kama habari njema kwake. Tukamleta Jamhuri akae nasi.

Baba huniita maitu, yaani mama yetu kwa Kikuyu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi. Jioni ya kwanza nilimpikia mukimo, wenye majani ya malenge na mahindi laini, chakula alichokipenda tangu utotoni. Alikula vijiko vichache kwa heshima, akaisogeza sahani.

"Maitu, usiudhike. Ni kama natafuna karatasi imeloa."

Sikuudhika. Nilitaka kujua. Karatasi ya namna gani? Ni kipi hasa kilichotoka kwenye ule mukimo, na ni kipi kilichobaki? Kesho yake, nikiwa peke yangu jikoni, nilichomoa kibanio kimoja cha nguo kwenye kamba, nikajibana nacho pua, nikapasha kiporo cha ule mukimo nikala.

Baba alikuwa amesema kweli. Nilisikia joto, ulaini na chumvi kwa mbali. Mahindi hayakuwepo. Majani ya malenge hayakuwepo kabisa, ingawa niliyaona kwa macho. Nikang'ata kitunguu kibichi: kilikuwa kitamu kama tunda, kisha kikauma ulimi. Nikalamba ndimu, na ndimu ilikuwa ndimu kamili, haikupungua hata kidogo. Karanga zilikuwa sauti tu, kra, kra, lakini sauti nzuri. Pilipili ilikuja na moto wake wote. Nikaendelea na kabati zima, siki, asali, majani ya chai, mpaka mume wangu alipoingia akanikuta nimesimama na kibanio puani na kijiko mdomoni.

"Hii nayo si nchi," alisema.

Lakini mimi nilikuwa nimepata jambo. Ulimi wa baba ulikuwa mzima. Meno yake, mengi yake, yalikuwa mazima. Chakula chetu cha nyumbani, cha kuchemsha na kuponda, huishi kwa harufu. Ukiiondoa hiyo, umebaki na ulaini mtupu. Nilipaswa kutafuta vyakula vinavyoishi kwa uchachu, kwa ukali, kwa kutafunika. Na nilijua ziko nchi ambazo watu hupika hivyo kila siku, bila kuwa wagonjwa.

Jumamosi nilishuka mjini, kwenye duka moja la viungo karibu na msikiti mkubwa. Mwenye duka ni mama wa Mombasa ambaye nimenunua kwake bizari kwa miaka. Nilimweleza habari za baba. Aliacha kupima alichokuwa akipima.

"Hata udi hausikii?"

"Hausikii, mama."

"Hata samaki akioza?"

"Sijamjaribu na samaki aliyeoza."

Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Basi mwanangu, usimtilie iliki wala mdalasini, utapoteza bure. Mtilie ukwaju. Na hii achari ya maembe, mpe pembeni ya sahani. Akila, njoo unambie. Nataka kujua mwisho wake."

Nilianza na saladi ya embe bichi ya watu wa Thailand. Ni kitu rahisi: embe gumu unalikwangua nyuzinyuzi, unatia ndimu, sukari kidogo, pilipili, dania, na karanga zilizopondwa juu. Nilimwekea baba bakuli dogo bila kumwambia ni nini. Alitia mdomoni, akaacha kutafuna, akakaza macho kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali.

"Hii inaongea," alisema.

"Inasema nini?"

"Ngoja kwanza." Akamaliza bakuli.

Kuanzia siku hiyo akawa mwenzangu. Mzee ambaye maisha yake yote aliingia jikoni kuuliza tu kama chai imeiva, sasa alivuta kiti akakaa kando ya sinki na kuuliza kila kitu. Hii inatoka wapi? Huko kuna baridi? Wanafuga ng'ombe? Mbona wanaweka sukari kwa mboga? Mengi sikuyajua, tukawa tunayatafuta kwenye simu, yeye akivaa miwani yake na mimi mikono imejaa unga.

Nilijaribu injera, mkate mwembamba wa Wahabeshi, kwa kuwa kuna hoteli yao karibu na ofisi yetu na najua uchachu wake. Unga wao sikuupata, nikatumia wimbi, nikauchanganya na maji na kuuacha juu ya friji mpaka ukafanya povu. Kwenye kikaango mambo yaliharibika. Ya kwanza ilishika chini, ya pili ikapasuka, ya tatu mume wangu aliibonyeza kwa kidole akauliza kama ni chapati ama ni sponji. Baba alichukua kipande kilichopasuka akakila kikavu, bila mchuzi.

"Hii ni uji ya mama yangu," alisema. "Ile alikuwa anaacha kwa kibuyu mpaka inakuwa chachu. Mmeikaanga tu."

Akatueleza jinsi walivyokuwa wakitumwa kupeleka kibuyu shambani, na jinsi yeye na kaka yake walivyokunywa njiani wakajazia maji. Sikuwahi kuisikia habari hiyo, na nilikuwa nimekaa na baba yangu miaka yote.

Kisha nikatengeneza kabichi ya Wakorea. Kabichi, chumvi, tangawizi, kitunguu saumu kwa wingi, pilipili ya unga. Unashindilia kwenye chupa yenye mdomo mpana na kuiacha ichache. Siku za kwanza ilikuwa na adabu. Halafu ikaanza. Ilitoka jikoni ikaingia sebuleni, ikaingia kwenye mapazia. Jirani wa juu aligonga mlango akauliza kwa upole kama choo chetu kimeziba. Mume wangu aliibeba ile chupa kwa mikono iliyonyooshwa mbele, akaiweka nje kwenye veranda. Na huko nje nikamkuta baba ameketi na sahani ya wali, anaila ile kabichi kwa uma, ameridhika kabisa.

"Nyinyi mnakimbia nini?" aliuliza.

"Baba, inanuka!"

"Inanuka aje? Niambie basi."

Ni rahisi kusema kitu kinanuka, lakini kumweleza mtu asiyenusa, unaanzia wapi? Nikavuta pumzi juu ya chupa. "Kama kabichi," nilisema. "Kama kabichi imelala na soksi ya mtu wa mpira."

"Soksi moja ama mbili?"

"Mbili. Na mvua imezinyeshea."

Baba alicheka mpaka wali ukampalia, nikampiga mgongoni. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika mama. Baada ya hapo ikawa desturi yetu. Kila nilichopika alidai nimweleze harufu yake, na hakukubali majibu ya mkato. Jira nilimwambia inanuka kama kabati la mbao lililopigwa jua. Alitafakari akasema anaikumbuka.

Kila asubuhi alifanya mazoezi yake. Karafuu, kahawa, ganda la ndimu, kila moja kwenye kikombe chake. Alinusa, akangoja, akatikisa kichwa, akaenda kuoga. Miezi ikapita hivyo. Nami nilishajiambia kwamba ndivyo tutakavyoishi, na si vibaya.

Siku mambo yalipobadilika ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Nilikuwa naosha mchele niliposikia kelele kutoka veranda.

"Ngai! Maitu! Hii kitu imeoza!"

Nilitoka mikono ikichuruzika maji. Baba alikuwa ameishika ile chupa ya kabichi mbali na uso wake, kama alivyoishika mume wangu.

"Umesema nini?"

"Imeoza! Hii ndio nimekuwa nikikula?"

Akairudisha chupa puani polepole, akanusa tena, akakunja uso wote, kisha akanusa mara nyingine ili awe na hakika. Aliingia ndani akaanza kunusa nyumba: sabuni, taulo, koti la mume wangu, utosi wangu. Vingi havikusema kitu. Lakini sabuni aliisikia, kwa mbali sana. Aliketi kitandani na ile sabuni kifuani, nami nikaketi kando yake nikiwa bado nina punje za mchele vidoleni.

Pua haikurudi yote, wala haikurudi sawa. Kahawa mpaka leo ni maji ya moto. Vitunguu vikikaangwa vilimnukia kama tairi linaloungua, hata akawa anatoka nje nikianza kupika. Nikalazimika kujifunza upya. Niligundua kuna jamii za Wahindi wasiokula kitunguu wala saumu kwa ajili ya dini, na hutumia mvuje, utomvu mkavu wenye harufu kali, badala yake. Nilirudi kwa yule mama mjini, ambaye alifurahi kusikia habari za kabichi kuliko nilivyotarajia, akanifungia mvuje kwenye karatasi mbili na plastiki juu. Dengu za namna hiyo baba alizila bila kutoka nje. Kabichi ya Wakorea hakuigusa tena. Iliyobaki ilimalizwa na mume wangu, ambaye siku moja aliionja na ugali na tangu hapo huniuliza nitatengeneza nyingine lini.

Baba aliporudi Kinoo tulimfungia kifaa kinachopiga kelele moshi ukitanda, na akanunua sufuria mpya. Nilidhani atarudia maisha yake ya zamani ya kupashiwa na kupasha. Lakini nilipomtembelea juzi nilimkuta amejifunga taulo kiunoni, anakaanga nduma, yaani magimbi. Alikuwa ameichemsha nusu, akaikata vipande vyembamba, akavipitisha kwenye unga fulani na kuvitumbukiza mafutani. Vilikuwa vikavu nje, vinavunjika kwa sauti, ndani laini. Nilikula nyingi.

"Umetoa wapi hii, baba?"

"Nimejaribu tu."

Alinitajia unga alioutumia, na nilipofika nyumbani nilifanya hivyo hivyo. Zangu zikanywa mafuta zikalegea. Nikajaribu tena na moto mkali zaidi, zikalegea vilevile. Nilimpigia simu akacheka, akasema kuna kitu nafanya vibaya lakini hawezi kukieleza kwa simu, lazima nione. Jumamosi nitaenda nisimame kando ya jiko lake.